Vipawa vya Ngara na Biharamulo Vitafutwe kama Nikeli

Katika vilima vya Kabanga, wilayani Ngara, wataalamu wa madini wamekuwa wakitoboa ardhi kwa nyakati mbalimbali tangu miaka ya 1970 wakitafuta nikeli. Kampuni moja iliondoka na nyingine ikaja. Bei ya madini ilipanda na kushuka katika masoko ya dunia. Lakini kazi ya kutafuta haikusahauliwa. Hatimaye, mwezi wa Januari 2021, Serikali yetu ilitia saini mkataba na wawekezaji ili nikeli hiyo ichimbwe kwa ubia, Taifa likiwa na hisa zake. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba kwa kuwa shimo fulani halikutoa kitu, basi Ngara haina nikeli.

Juu ya ardhi hiyo hiyo wanaishi watoto wa wakulima wa kahawa, migomba na maharage. Nao wana hazina vichwani mwao, lakini namna tunavyoitafuta hazina hiyo ni tofauti kabisa. Kila mwaka, mwezi wa Septemba, mtoto wa Murusagamba au wa Nyakahura huketi kwa siku mbili mbele ya karatasi za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Siku hizo mbili ndizo zinazoamua kama Taifa litamtambua kuwa ana kipawa au halitamtambua. Asipong'ara, jina lake hufungiwa kabatini pamoja na karatasi zake, wala hakuna anayerudi kutoboa tena. Kwa madini tumekuwa na subira ya miongo kadhaa. Kwa watoto tunaona siku mbili zinatosha.

Leo tunataka kusema wazi kwamba utaratibu huu hautoshi, na kwamba chombo cha kuusaidia tayari kimo mikononi mwa walimu wengi wa nchi hii. Chombo hicho ni kishikwambi, na kazi tunayopendekeza kifanye ni kuchezesha watoto. Tunajua kwamba watumishi wa umma na walimu wengi watakaosoma maneno haya watakunja uso. Tunawaomba wasome hadi mwisho.

Kwanza tuondoe dhana potofu. Hatuubezi mtihani. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limelijengea Taifa letu jambo la thamani: mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi hufanya karatasi moja, saa moja, na karatasi hiyo haimuulizi mtoto baba yake ni nani. Lakini mtihani hupima kile ambacho mtoto amekwisha kufundishwa. Haupimi kile ambacho angeweza kujifunza kama angepata nafasi. Pale ambapo mafundisho ni mema, mambo hayo mawili hukaribiana. Pale ambapo darasa limefurika, vitabu ni haba na mwalimu mmoja anabeba masomo ya watatu, mambo hayo hutengana kabisa; na kipawa cha mtoto hubaki chini kama mwamba uliofunikwa na udongo.

Hali ya Ngara na Biharamulo inatudai tulifikirie jambo hili kwa makini zaidi. Watoto wengi wa vijiji vya Ngara huingia darasa la kwanza wakiwa na Kihangaza au Kishubi. Wenzao wa Biharamulo huja na Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kitabu na ya swali, wengi wao huanza kukizoea shuleni. Mtoto wa namna hiyo aweza kukokotoa bei ya debe la maharage kichwani kuliko mnunuzi aliyetoka mjini, kisha akashindwa swali la hesabu kwa sababu sentensi ya swali imemshinda. Msahihishaji hawezi kulijua hilo. Yeye huona nafasi tupu tu.

Iko pia historia. Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, ulirithi mgawanyo wa elimu usio sawa. Kahawa na misioni viliijengea Bukoba shule mapema, na majina ya Ihungo, Nyakato na Kahororo yakajulikana nchi nzima kwa kutoa wasomi. Wilaya za kusini zilikuja nyuma. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wananchi wa Ngara waliwapokea majirani zao kwa utu, na mzigo wake uliangukia misitu, visima, zahanati na shule zao. Tangu siku hizo dunia imeijua Ngara kwa wakimbizi, kwa malori yanayopanga foleni Rusumo na Kabanga, na sasa kwa nikeli. Bado haijaijua kwa akili za watoto wake.

Jambo hili si geni katika fikra za Chama. Mwaka 1967, katika maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule tulizorithi ziliandaliwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea, na kwamba mitihani yake ilipima zaidi uwezo wa kukariri mambo na kuyatapika kwa wakati uliopangwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kazi ya mwanafunzi ya kila siku nayo ihesabiwe katika kumpima. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Lililokosekana ni zana: mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake angewezaje kuandika kila siku namna kila mmoja wao anavyofikiri?

Hapo ndipo mchezo wa kompyuta unapoingia. Tuueleze kwa lugha nyepesi. Mtoto hupewa fumbo: kupanga maumbo, kuendeleza mfuatano wa namba, kupeleka punda sokoni kwa njia fupi kuliko zote. Akipata, fumbo linalofuata huwa gumu kidogo. Akikosa, mchezo humrudisha hatua moja na kumpa njia nyingine. Wakati wote huo kompyuta inaandika: alijaribu mara ngapi, alitumia muda gani, aliomba msaada wapi, aliacha kosa lile lile lini. Mtoto anadhani anacheza. Kumbe anafanya mazoezi mamia, naye haogopi, kwa maana hakuna anayemcheka wala kumchapa anapokosea.

Tuchukue mfano wa watoto wawili. Wa kwanza, ambaye nyumbani kwao kuna simu na vitabu, siku ya kwanza anapata mafumbo 8 kati ya 10. Baada ya wiki nne bado anapata 8. Wa pili, ambaye hajawahi kugusa kioo cha simu, siku ya kwanza anapata 2. Wiki ya pili anapata 5, na wiki ya nne anapata 9. Ni yupi mwenye kipawa zaidi? Mtihani wa siku ya kwanza ungemchagua wa kwanza na kumtupa wa pili. Mwalimu mwenye kumbukumbu ya wiki nne atamtazama yule wa pili kwa jicho jingine. Mtaalamu wa Kisovieti Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba ili umjue mtoto usitazame tu kile anachokiweza peke yake leo, bali pia kile anachoweza kukifikia akipewa msaada kidogo. Mafundisho hayo yanaheshimiwa katika vyuo vya ualimu duniani kote. Mchezo mzuri wa kompyuta unayatekeleza kila dakika.

Mtu ataweza kusema kwamba haya ni mambo ya nchi zilizoendelea. Jawabu letu ni kwamba ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa majaribio ya mashindano ya kimataifa yaitwayo Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili zilizotengenezwa na vikundi vitano kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Shirika la UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu walishirikiana katika kazi hiyo, na vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Watoto wengi kati ya hao hawakuwa wamewahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kujifunza kwa michezo, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Katika hesabu, programu zote tano ziliwafaa wasichana sawa na wavulana.

Mwezi wa Mei 2019 zawadi ya kwanza ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili: onebillion ya London, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma. Waanzilishi wa Enuma walikuwa watengenezaji wa michezo ya kompyuta ya kawaida, nao waliingia katika kazi ya elimu baada ya kumpata mtoto mwenye ulemavu. Walianza na mtoto ambaye wengi wangemhesabu kuwa hawezi, wakaishia kutengeneza chombo cha kuwafaa maelfu. Na lililo muhimu zaidi kwetu ni hili: programu za washindani wote watano ziliwekwa wazi ili yeyote azitumie bila malipo, na maneno yake ni ya Kiswahili.

Tuwe wakweli. Majaribio ya Tanga hayakuwa ya kutafuta vipawa. Yalikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini yalithibitisha mambo matatu ambayo wenye shaka walikuwa wakiyakana: kwamba mtoto wa kijijini asiyewahi kuona kompyuta huizoea upesi, kwamba kishikwambi chaweza kufanya kazi kijiji kisicho na umeme wa gridi, na kwamba Kiswahili kinatosha kabisa kuwa lugha ya mashine hizo. Aliyethibitisha mambo hayo ni mtoto wa Tanga, na hatuoni sababu ya mtoto wa Ngara kushindwa kuyafanya.

Wala tusidhani kwamba kupima akili kwa mchezo ni wazo lililotoka ng'ambo. Wazee wetu walilijua zamani. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, haliwezi kuchezwa na mtu mzembe wa fikra. Mchezaji hodari huhesabu kichwani kete zitakavyopita mashimo mengi, na kuziona zamu zinazokuja kabla mkono wake haujagusa ubao. Kipawa hicho kilimshangaza mtafiti wa Uholanzi, Alex de Voogt, ambaye mwaka 1995 alichapisha utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na mipaka ya akili ya mwanadamu. Tangu zamani, kijana aliyewashinda wazee katika bao hakuhitaji cheti ili kijiji kimjue kuwa ana akili.

Na jirani zetu wa Uganda wametupa mfano mwingine. Huko Katwe, mtaa wa watu maskini wa Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto mchezo wa sataranji. Miongoni mwao alikuwamo binti Phiona Mutesi, ambaye shule ilikuwa imemwachia njiani kwa kukosa ada. Binti huyo akaja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya sataranji mwaka 2010 na tena mwaka 2012. Mtihani gani ungemtambua mtoto ambaye hakuwa hata darasani? Ulimtambua ubao wa mchezo, na nyuma ya ubao huo alikuwapo mwalimu. Neno hilo la mwisho tunaomba lisisahaulike, kwa kuwa kishikwambi bila mwalimu kitaweza kuonyesha kwamba mtoto ana kipawa, lakini hakitaweza kukaa naye miaka mitano akikikuza.

Sasa tuyatazame mashaka, maana yapo, na mengine ni ya haki.

Shaka la kwanza ni la mzazi. Yeye akisikia michezo ya kompyuta hufikiria vibanda vya gemu ambamo vijana hupoteza ada, na mashine za kamari, zile wanazoziita dubwi, zilizoingia hata katika senta za vijijini. Mzazi huyo ana haki ya kuogopa. Kamari humnyonya maskini shilingi yake ya mwisho, nasi hatuna neno jema la kuisema. Lakini kisu cha jambazi na kisu cha mpishi havilaumiwi pamoja. Mchezo tunaousemea hauna fedha ndani yake, unachezwa mbele ya mwalimu, kwa muda uliopangwa, nao hufungwa muda ukiisha.

Shaka la pili ni la mtumishi wa umma anayekumbuka historia. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda sawa. Hesabu zikavurugika na hasara ikapatikana. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ni vyema gazeti la Chama likiri kwamba marufuku hiyo ilitugharimu muda. Kosa la awali lilikuwa kuipokea mashine kabla ya kuwaandaa watu. Kosa la pili lilikuwa kuifukuza mashine badala ya kuwaandaa watu. Somo tunalolipata ni moja: maandalizi ya mwalimu hutangulia, mashine hufuata.

Shaka la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linatoka ndani ya itikadi yetu wenyewe. Je, kuwatafuta watoto wenye vipawa si kurudisha ubaguzi? Si kuwaundia tabaka wachache, wakati tuliahidi elimu kwa wote? Tunajibu hivi. Wenye fedha katika nchi hii wamekwisha kuwatafutia vipawa watoto wao. Wanawalipia shule za binafsi, masomo ya ziada, vitabu na kompyuta za nyumbani. Sisi tukikataa kukitafuta kipawa cha mtoto wa Keza au wa Runazi kwa jina la usawa, hatutakuwa tumeondoa tabaka lolote. Tutakuwa tumewaachia wenye fedha uwanja wote. Usawa hauna maana ya kuwafunika wote kwa udongo mmoja. Maana yake ni kwamba kila ardhi ipimwe.

Hata hivyo, shaka hilo linatupa wajibu. Shule zinazojulikana kuwa za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, zimelitumikia Taifa vizuri, lakini hakuna hata moja iliyoko Kagera. Mtoto wa Ngara anayechaguliwa kwenda huko husafiri mamia ya kilomita, na mara nyingi safari hiyo ndiyo mwanzo wa kuagana na kijiji chake. Wachache waende, ni sawa. Lakini kipawa hakina budi kukuzwa pia mahali kilipoota, na faida yake ionekane hapo. Mtoto mwepesi wa hesabu awe msaidizi wa wenzake wanaokwama. Anayeelewa mashine apewe redio mbovu aifungue. Hivyo ndivyo kipawa kinavyokuwa mali ya jamii badala ya kuwa tiketi ya mtu mmoja kukimbia jembe.

Tunapendekeza nini basi? Hatupendekezi mradi mkubwa wa kutangazwa kwa ngoma. Tunapendekeza kata moja ya Ngara na kata moja ya Biharamulo, kwa mwaka mmoja.

Vishikwambi vipo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vikabidhiwe sekta ya elimu, na walimu wengi wakavipata. Tunajua kwamba vingine vinafanya kazi njema ya maandalio ya masomo, na vingine vimegeuka kuwa vya kutazamia video jioni. Shule yenye vishikwambi 6 ikivikusanya alasiri mbili kwa wiki, saa mbili kila alasiri, na kila mtoto akapewa dakika 20, watoto 72 watacheza kila wiki, kila mmoja peke yake. Hilo ni darasa zima. Programu za Tanga hazihitaji intaneti zikishapakiwa. Na pale ambapo umeme haujafika, paneli ndogo ya jua itatosha. Wilaya hizi mbili zinapitiwa na nyaya za umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, unaopelekwa hadi Nyakanazi. Itakuwa aibu kama mwanga huo utapita juu ya paa za shule tu.

Programu za Tanga zinafaa kwa madarasa ya mwanzo. Kwa watoto wa darasa la nne na kuendelea yanahitajika mafumbo mengine, ya mantiki, maumbo na ramani, na bao lenyewe likiwa ndani ya kompyuta. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wana ujuzi wa kuyatengeneza. Wapewe kazi hiyo kama mchango wao kwa Taifa lililowasomesha, na Taasisi ya Elimu Tanzania iyakague kabla hayajamfikia mtoto. Mafumbo mengi yasiwe na maneno kabisa, ili mtoto asihukumiwe kwa lugha. Na yenye maneno yawe ya Kiswahili chepesi, mwalimu akiruhusiwa kumfafanulia mtoto kwa namna atakayoelewa.

Zamu ya wasichana ilindwe kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Tusipofanya hivyo, wavulana watajaa mbele ya mashine wakati dada zao wametumwa maji, na baada ya mwaka tutasema kwamba vipawa ni vya wavulana. Mwalimu asiongezewe mzigo huu bure. Vipindi hivyo vihesabiwe katika kazi yake, na afisa elimu wa kata afike kumsaidia, asifike kumkagua tu. Matokeo ya michezo yasibandikwe, yasisomwe mbele ya wazazi, wala mtoto asipewe jina la mwerevu au la mjinga. Yawe kumbukumbu ya mwalimu, aitazame pamoja na mambo mengine anayoyaona kwa macho yake: nani anatengeneza gari la miti lenye usukani unaogeuka, nani husimulia hadithi na darasa likanyamaza, nani huuliza swali ambalo mwalimu mwenyewe hulala nalo.

Mwaka ukiisha, wakurugenzi wa halmashauri hizo mbili waeleze hadharani kilichopatikana. Kama watoto waliogunduliwa kwa mchezo ni wale wale ambao mtihani ungewagundua, basi tuseme hivyo na tusipoteze fedha zaidi. Lakini kama katika kata mbili tu watapatikana watoto kumi ambao hakuna aliyewadhania, watoto waliokuwa wakikaa dawati la nyuma bila kusema neno, basi Taifa litakuwa na swali la kujibu kuhusu kata zote zilizobaki.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza stadi na ujuzi kuliko kukariri. Ada ya shule za umma ilikwisha kuondolewa mwaka 2016 ili mlango uwe wazi kwa wote. Hatua hizo ni kubwa, lakini kumfikisha mtoto darasani si sawa na kumwona. Wapo walimu wa Ngara na Biharamulo ambao wanaposoma mistari hii wanamkumbuka mtoto mmoja, mwenye akili iliyowashangaza, ambaye mtihani ulimwacha na ambaye leo anapakia magunia barabarani. Walimwona, lakini hawakuwa na chochote cha kumwonyesha afisa ili aamini.

Wapewe chombo hicho. Nikeli ya Kabanga itachimbwa na siku moja itakwisha, kama madini yote yanavyokwisha. Siku hiyo Ngara na Biharamulo zitategemea watu wao, na watu hao hivi leo wako darasa la pili.